Printa nzuri, ila saa yake haijui siku

Hii mashine ninayo mwezi wa tano sasa. Ni ya leza, nyeusi tupu, inachapa, inaskani na kutoa kopi, kurasa 38 kwa dakika kwa mujibu wa boksi. Tuliinunua Kariakoo kwa milioni moja na laki nane. Jina la kampuni nalihifadhi. Kwenye kuchapa haina neno: karatasi hazikwami, herufi zinatoka kali, na inaamka upesi ikisinzia. Ninachotaka kukizungumzia ni kile ambacho muuzaji alikijibu "ipo, ipo" bila hata kuangalia: uthibitisho wa mtandao, yaani 802.1X.

Ofisi yetu ni ya mawakili, Upanga, na printa inakaa kwenye korido jirani na benchi la wateja. Mwaka jana mgeni mmoja, mtu wa watu kabisa, alikosa waifai. Akachomoa kebo ya printa ya zamani, akaichomeka kwenye laptopu yake, akapata intaneti. Akapata na folda la skani, lenye mikataba na wosia za watu. Alikuja kuniambia mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, kwa hiyo usiku ule sikulala vizuri.

Njia ya mkato wengi tunaijua: unaiambia swichi, kile kiboksi kinachounganisha kebo zote za ofisi, iitambue printa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, basi. Sasa zunguka nyuma ya mashine usome stika. Anwani yote imeandikwa pale, mtu anapiga picha na simu anaondoka nayo. Kwa 802.1X, swichi haipitishi kitu kwenye ile soketi mpaka kifaa kijitambulishe kwa seva ya RADIUS, ile inayohakiki nani aruhusiwe kuingia kwenye mtandao. Yangu ni programu ya FreeRADIUS kwenye kompyuta kuukuu. Printa hii inakubali PEAP, ya jina na nenosiri, na EAP-TLS, ya cheti, yaani faili la kidijitali linalotumika kama kitambulisho. Nikachagua cheti, kwa sababu naijua ofisi yangu: nenosiri lingebandikwa kwenye kifuniko cha skana kabla ya saa nane mchana.

Siku ya kwanza nzima, na nusu ya pili, zilipotelea kwenye kupakia cheti. Ukurasa wa mipangilio unataka faili la .p12, lenye cheti na ufunguo wake wa siri, pamoja na nenosiri lake. Ninaupa, unajibu nenosiri si sahihi. Nikabadilisha nenosiri mara nne, mwisho nikaweka 1234. Si sahihi. Kumbe nenosiri halina kosa. OpenSSL, programu niliyotengenezea faili hilo, kuanzia toleo la 3 inafunga faili hizo kwa usimbaji wa AES-256, na programu ya ndani ya printa hii inajua mtindo wa zamani tu. Nikalitengeneza upya kwa kuongeza neno -legacy kwenye amri, likaingia mara moja. Kitabu cha maelekezo kina kurasa mbili za jinsi ya kutikisa tona, na hakina hata mstari mmoja kuhusu hili.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Pakia na cheti cha mamlaka iliyosaini cheti cha seva, la sivyo printa inaikataa seva, na kwenye kumbukumbu za FreeRADIUS utaona "unknown ca". Ukiiendesha kwa -X unaona kila neno wanaloambiana, ni kama kusikiliza majirani wakigombana. Na usidhani kazi imeisha hapo. 802.1X inaamua nani aingie, haifichi unachochapa. Nilizima Telnet, FTP na poti ya 9100, njia za zamani zisizoficha kitu, nikahamishia kompyuta zote kwenye IPP, njia ya kutumia printa kupitia mtandao, ile yenye usimbaji.

Wiki mbili tukakaa kwa raha. Kisha umeme ukakatika usiku kucha.

Asubuhi katibu muhtasi wetu akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako imesusa."

Nikakuta kioo kinasema uthibitisho umeshindikana, na pembeni, kwa maandishi madogo, tarehe: 1 Januari 2015. Saa ya printa hii haivumilii kukosa umeme kwa muda mrefu. Ikirudi mwaka 2015, cheti cha seva inakiona hakijaanza kutumika, inakikataa. Ingeweza kurekebisha saa kupitia NTP, yaani kuuliza saa kwenye mtandao, lakini mtandao haiupati mpaka ithibitishwe. Kuiweka kwenye UPS ndogo, betri ya akiba, haifai, leza ikipasha joto inavuta umeme mwingi mno.

Nilichofanya: kifaa kikishindwa uthibitisho, swichi inakitupa kwenye VLAN ya pembeni, yaani mtandao uliotengwa, isiyo na kitu isipokuwa DHCP, inayogawa anwani za mtandao, na seva ya saa. Printa inachukua tarehe, inajaribu tena, inaingia. Ila kuna kisanduku kwenye mipangilio, kinachoitaka mashine ijifungie mtandao ikishindwa, nacho kimetiwa tiki tangu kiwandani. Lazima ukitoe. Bila swichi ya kusimamiwa, ile unayoweza kuipangia mipangilio, hutafanya haya, itabidi mtu aweke tarehe kwa mkono kila umeme unaporudi.

Nyota tatu kati ya tano. Kama ofisi yenu ina mtu wa kukaa nayo siku tatu, ichukueni. Kama hamna, hapo dukani ombeni waichomoe usiku kucha, kesho yake mwende mkasome tarehe.

Cheti nilichoipa kinaisha Machi. Tarehe nimeiandika kwa maka peni kwenye trei ya pili, kubwa, isisahaulike. Jana mama kanifuata kuuliza kama ndiyo siku ya kubadilisha tona.