Kemo ya mbwa mwenye limfoma, uzoefu wangu

Naona wengi wanauliza kama kemo (dawa za kansa) kwa mbwa mwenye limfoma, ile kansa ya chembe nyeupe inayovimbisha tezi, ina maana au ni kumtesa tu, basi niseme ya kwangu. Wangu alivimba tezi chini ya taya, nikapapasa nyuma ya magoti nako zipo, ngumu ila ukibonyeza wala hashtuki, anakula anacheza kama kawaida, ndo maana ugonjwa huu unawapita watu.

Kliniki ya kwanza wakataka kumwanzishia prednisoloni, dawa ya stiroidi, palepale eti uvimbe ushuke kwanza. Nikagoma. Jamani stiroidi kabla ya kipimo msikubali, uvimbe unashuka kweli lakini maabara inaweza isione ugonjwa vizuri, halafu seli za kansa zinaanza kuwa sugu, kemo ikija inakuta kazi imeshakuwa ngumu. Dokta wa pili alivuta sampuli kwa sindano nyembamba tu, hata nusu kaputi hakuna, mbwa kasimama anamnusa mfukoni. Jibu limfoma. Kikafuata kipimo cha kujua ni seli B au T (aina mbili za chembe nyeupe), maana B kwa kawaida ndo inasikia dawa zaidi.

Tukapewa CHOP, mchanganyiko wa dawa, yaani siklofosfamidi, doksorubisini na vinkristini zinapeana zamu, na prednisoloni mwanzoni. Kabla ya dozi wanapima damu, chembe nyeupe zikiwa chini wanaahirisha, na hapo niliwaamini. Tezi zilinywea haraka aisee sikutegemea! Manyoya yapo (mbwa wa aina ya pudo na wenzake ndo hunyonyoka), sharubu tu zilipukutika. Doksorubisini ilimtapisha, akapewa dawa ya kichefuchefu akarudi kwenye bakuli. Kilichonichosha ni stiroidi, maji anakunywa kama ngamia, mkojo usiku kucha, na njaa mpaka anaiba. Mkojo na kinyesi siku za baada ya dozi shika kwa glovu, mjamzito akae mbali kabisa.

Ila mjue haiponyi. Bila tiba wengi ni mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, kwa CHOP wenye seli B wengi wanafika kama mwaka, wachache wanavuka miaka 2. Dozi zenyewe zinapunguzwa kuliko za binadamu kwa sababu wanachotafuta ni aishi vizuri, sio kumaliza ugonjwa kwa gharama yoyote ile.

Wenye paka, limfoma yenu tofauti, mara nyingi inakaa kwenye utumbo, anakonda anatapika, na mara nyingi mpaka wakate kinyama ndo itofautishwe na utumbo uliovimba tu. Ile ya polepole inatibiwa kwa vidonge nyumbani, klorambusili (kemo ya kumeza) na prednisoloni, na wengi wanapita miaka 2. Hicho cha klorambusili usikivunje.

Kliniki ya pili naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata kwa sababu siku ya kemo unamwacha kutwa nzima na hawapigi simu mpaka upige wewe.