Kutafuta penye mkazo mkubwa: fomula au kompyuta?

Bamba pana la chuma lenye tundu la duara, likivutwa, halibebi mzigo sawasawa. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Kirsch alionyesha kwamba ukingoni mwa tundu, ubavuni kwa mwelekeo wa mvuto, mkazo (nguvu kwa kila kipimo cha eneo) hufika mara 3 ya ule ulio mbali na tundu. Tundu liwe dogo au kubwa, ni 3 tu, mradi bamba ni pana. Hesabu hiyo unaimaliza kwa kalamu kabla chai haijapoa.

Ila shafti yenye vipenyo tofauti, matundu na mifereji haina fomula moja. Hapo kompyuta inashinda: inagawa umbo kuwa vipande vidogo maelfu, kisha inapaka nyekundu penye mkazo zaidi.

Tatizo, nyekundu hudanganya. Ukichora kona ya ndani kali, isiyoviringwa, kila ukipunguza ukubwa wa vipande namba ya mkazo hupanda, wala haitulii. (Wanaoanza huiamini!) Chora mviringo halisi wa kona, kisha punguza ukubwa wa vipande mpaka jibu litulie.

Mimi huijaribu programu kwanza kwa bamba la Kirsch. Isipotoa karibu na 3, narudi kukagua mchoro wangu.