Avahi kwenye ruta ya nyumba ya wageni, Lamu: uzoefu wangu

Nashughulikia mitandao ya nyumba za wageni hapa Lamu mjini, nyingi ziko mtaa wa Mkomani. Avahi ni programu ya bure ya kusaidia vifaa kujitangaza na kutafutana mtandaoni, haina wa kuipigia debe, na imenitatulia shida ya printa isiyoonekana kwenye simu za wageni, ambayo watu wengi huimaliza kwa kununua printa ya pili. Ndiyo maana naiandikia.

Nyumba za mji wa kale zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Wifi ya ruta peke yake haipandi ghorofani, kwa hiyo lazima uvute waya na kuweka kifaa cha wifi kila ghorofa. Tena kompyuta ya ofisi ina hesabu za nyumba na nakala za pasipoti za watu. Hiyo haifai kukaa mtandao mmoja na simu za wageni. Basi ofisi huipa mtandao wake wa waya, wageni wifi yao, kila upande na anwani zake, na ruta, kifaa cha kuunganisha mitandao, katikati. Usalama umepatikana, ila printa imepotea. Mgeni anataka kuchapa tiketi ya ndege kabla ya kuvuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda, simu yamwambia hakuna printa, na printa ile pale mezani anaiona kwa macho.

"Mwanangu, printa ina nini yeo?" huniuliza mwenye nyumba.

"Bi, printa ni nzima. Simu haiisikii tu."

Simu huitafuta printa kwa mDNS, utaratibu wa vifaa kutafutana kwa majina, ulioandikwa rasmi mwaka 2013 katika RFC 6762, waraka wa kanuni za intaneti, na Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa Apple. Printa hupiga mbiu kwenye anwani 224.0.0.251, poti (mlango wa data) 5353: jina langu hili, kazi yangu kuchapa, napatikana hapa. Mbiu hiyo ni ya mtaa mmoja, yaani mtandao mmoja, ruta haiivushi mtaa wa pili, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Avahi ikikaa kwenye ruta huisikia upande mmoja na kuirudia upande wa pili.

Ruta ninazoweka zinatumia OpenWrt, mfumo huru wa kuendesha ruta, na Avahi imo kwenye vifurushi vyake. Unafungua faili la avahi-daemon.conf, na chini ya sehemu ya reflector (kirudiaji) unaandika enable-reflector=yes. Kwenye allow-interfaces unataja mitandao ya ndani peke yake. Upande unaotoka kwenda intaneti usiuguse kabisa. Ukiiwasha Avahi upya, jina la printa linatokea kwenye simu ya mgeni bila yeye kusakinisha chochote.

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama, kwa sababu jina limeonekana lakini karatasi haitoki. Avahi huvusha tangazo tu. Kazi yenyewe ya kuchapa hupita kwenye ruta kama data nyingine yoyote, na fayawoli, kinga inayochuja data kwenye ruta, ikiwa imefungwa, kazi hiyo inagonga hapo. Ipe printa anwani isiyobadilika, kisha uwaruhusu wageni wafike kwenye anwani hiyo moja, poti 631. Usiwafungulie mtandao mzima wa ofisi kwa ajili ya karatasi moja!

Ninachokipenda zaidi kilikuja na toleo la 0.8: reflect-filters, orodha ya huduma zinazoruhusiwa kuvuka. Bila orodha hiyo, kila kinachojitangaza ofisini kinasikika kwa wageni, pamoja na majina ya kompyuta, ambayo mara nyingi ni majina ya wenyewe. Mgeni hana haja nayo. Na kwenye wifi, matangazo ya namna hii kwa kawaida hurushwa kwa kasi ya chini, hivyo kila tangazo lisilo na kazi linakula muda wa hewani wa watu wote. Mimi huruhusu huduma za printa, basi.

Usitarajie ifanye yote. Vifaa vinavyotafutana kwa SSDP, utaratibu mwingine wa kutafutana, kwenye 239.255.255.250 poti 1900, kama vile vya DLNA (vya kushiriki picha na video nyumbani), haviko mikononi mwake. Vinahitaji programu nyingine. Pia usiweke virudiaji viwili kati ya mitandao ileile, kwani vitakuwa vinarudiana maneno bila kikomo.

Kwa nyumba yenye ofisi moja, printa moja na wifi ya wageni, naipa alama zote. Lakini kwa hoteli yenye televisheni kila chumba, zote zikiwa mtandao mmoja, siiweki kwa ajili ya televisheni. Kila mgeni angeziona zote kwenye simu yake, na aliye chumba cha chini angeweza kurusha video yake kwenye chumba cha watu waliolala na watoto. Pale kinachotakiwa ni mfumo unaomfunga mgeni na televisheni ya chumba chake, na Avahi haijui nani kalala chumba gani.