Jeli ya kulainisha au krimu ya estrojeni?
Wamama wenzangu wa Kigoma, hedhi ikishakoma huku chini kunakauka, mkojo unachoma, usiku chooni mara tatu, na bado tunanyamaza tu. Jeli ya maji ya famasi inasaidia hapohapo, unapaka kabla ya tendo, ila ikiisha ukavu uko palepale (na mawese yabaki jikoni jamani, mafuta yanaharibu kondomu). Krimu ya ukeni ya estrojeni (ile homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma) inaenda taratibu, kila usiku kwa wiki 2 halafu mara 2 kwa wiki, utasubiri wiki kadhaa lakini inatibu ngozi yenyewe na hata UTI za kujirudiarudia zinapungua, jeli haifiki huko. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Mi ningechukua krimu, ila kama umewahi kuugua kansa ya titi au unatokwa damu, daktari kwanza.