Supamaketi ya mtaani South C, Nairobi: huduma safi, salamu zimepoa

Nyota nne kati ya tano. Mchele na unga bei nafuu, foleni haikawii, mboga ni za siku hiyohiyo. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya salamu, na kwangu si jambo dogo.

Zamani keshia akikukabidhi risiti ya Desemba alikuwa akisema, "Krismasi njema, mama." Mimi ni Mwislamu na sikuwahi kuhisi nimekosewa. Furaha ni yake, ananikaribisha. Nikimjibu, "Na kwenu pia, wasalimie watoto." Ramadhani ikiingia, tende hupangwa karibu na mlango, na keshia huyohuyo mwenye rozari shingoni huniambia, "Futari njema." Mwaka wa 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, katikati ya mfungo. Nilimsikia akimtakia Pasaka njema mzee aliyenitangulia, kisha akanigeukia mimi na salamu za Ramadhani. Nilitoka pale moyo umejaa.

Desemba iliyopita mti ulikuwepo na taa zake, nyimbo za Krismasi zikapigwa kutwa, lakini bango na risiti zikaandikwa "Heri za msimu". Wahudumu wameagizwa waseme hivyo kwa kila mtu, ati asije akaudhika mteja. Nani aliudhika? Kweli Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Hata hivyo serikali yenyewe hutupa mapumziko ya Ijumaa Kuu, Krismasi na Idd-ul-Fitr, na inazitaja kwa majina yake.

Jirani yangu Mhindu ana hoja tofauti, nami namwelewa. Anasema keshia hawezi kujua dini ya mtu kwa kumtazama usoni, tena Diwali hupita kila mwaka bila yeye kuambiwa neno, ilhali taa za udongo zinauzwa palepale. Hapo ana haki kabisa. Dawa yake ni kuweka bango la Diwali pia, na keshia asipojua aseme "sikukuu njema" tu. Anayemjua mteja wake aachwe amsalimu anavyomjua.

Haya yote nilimweleza meneja ana kwa ana. Alinisikiliza kwa heshima, akayaandika. Nasubiri kuona Ramadhani watasemaje.