Venturi ya Robo Tatu ya Kuvutia Mbolea: Kwa Nini Wengine Wanasema Haivuti?

Karibuni. Mezani leo tuna venturi ya plastiki ya inchi robo tatu, ile ya kuingiza mbolea ya maji kwenye laini za umwagiliaji wa matone. Haitumii umeme wala haina kipande kinachozunguka, kwa hiyo cha kuharibika ni kidogo. Wanaoilaumu wengi wana shida moja: haivuti.

Tazama hapa katikati ilivyobanwa. Maji yakipita hapa yanakimbia, presha inashuka, mbolea inanyonywa. Ili inyonye, presha ya kutokea lazima iwe chini ya ile ya kuingilia kwa asilimia 20 hivi, na nyingi zinadai zaidi. Sasa tanki la kwenye mnara wa mita 2 linatoa baa 0.2 tu! Kama ndiyo mfumo wako, usinunue. Koroga mbolea humo humo tankini.

Mwenye pampu, usiichomeke katikati ya laini kuu, utaua presha ya shamba zima. Ifunge pembeni kwa tii mbili (viungio vya umbo la T), na kwenye laini kuu, kati ya tii hizo, weka geti valvu. Fungua maji, kisha libane taratibu mpaka mpira wa kunyonya mbolea uanze kuvuta. Weka geji za presha mbele na nyuma ya venturi, la sivyo unabahatisha. Valvu ya kuzuia maji kurudi ikae upande wa pampu, pampu ikizima mbolea isiingie kisimani. Filta ya diski ya meshi 120 ikae baada ya venturi, hata kama unayo nyingine pampuni.

Kipimo cha kwenye boksi usikiamini, kinabadilika na presha. Ipe lita 10 za maji matupu, shika saa: zikiisha kwa dakika 12, inavuta lita 50 kwa saa.

Anza na maji matupu mpaka laini zijae, ndipo mbolea, halafu maji matupu tena dakika 15 au zaidi. Kalsiamu naitreti usiichanganye ndoo moja na MAP (mbolea ya fosfeti) au salfeti yoyote. Utapata unga mweupe, na matundu ya matone yataziba. DAP iache kabisa, ina machicha.

Ukiona mapovu kwenye mpira wa kunyonya, kuna kiungo kinavuta hewa: kaza klipu, ongeza tepu nyeupe kwenye nyuzi. Na chujio la mwisho wa mpira lining'inie sentimita chache juu ya kitako cha ndoo, lisilale kwenye mashapo.