Walitwambia RIP imefungwa, kumbe imenyamazishwa tu

Nilitaka kuwapa mafundi hawa wa mtandao nyota tatu. Nyaya wamezipanga vizuri, kila kebo ina lebo yake, kijana aliyekuja kuzivuta ana adabu zake. Lakini nyumba hii ya wageni ya Shangani ililipia ukaguzi wa usalama wa mtandao, haikulipia nyaya, na kwenye ukaguzi wameniudhi hasa.

Ripoti ilikuja nene, michoro ya rangi, poti (milango ya huduma) za TCP ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho wake: "hakuna tatizo kubwa". Itifaki za ruta, yaani lugha ambazo ruta huambiana njia za mtandao, kama RIP, OSPF na EIGRP, hazikutajwa hata kwa neno moja. Sababu inaonekana: waliendesha nmap, chombo cha kupekua poti, vivi hivi, nayo bila kuambiwa -sU haigusi UDP, ndugu yake TCP mwenye poti zake, na RIP inakaa UDP 520. OSPF na EIGRP ndiyo kabisa, hazina poti. Ni itifaki za IP nambari 89 na 88. Utapekua poti mpaka alfajiri usizione. Hizi husikilizwa.

Chomeka laptop kwenye soketi ya mtandao iliyo nyuma ya televisheni ya chumba cha mgeni, kisha usikilize kwa tcpdump, chombo kinachoonyesha data inayopita:

tcpdump -nvi eth0 'udp port 520 or ip proto 88 or ip proto 89'

Ruta ya RIP hutangaza kila baada ya sekunde 30 hivi. Nusu dakika haikupita, likatoka tangazo la RIPv1 (RIP toleo la 1) kwenda 255.255.255.255, yaani kwa kila aliyechomeka, na ndani yake 192.168.20.0 ya wahasibu na 192.168.30.0 ya kamera. Mgeni aliyelipia usiku mmoja anayaona yote hayo! Na RIPv1, itifaki ya mwaka 1988, haina neno la siri wala saini: anayetangaza njia anaaminiwa.

Nikawapigia simu. Fundi wao mkubwa akanijibu, "Dada yangu, hayo mambo ya zamani, nani anayatumia siku hizi? Hiyo tcpdump ni ya wanafunzi." Ruta aliyoikagua yeye mwenyewe ndiyo inayoyatumia.

Hata hivyo walikuja, hilo nawapa. Fundi akaandika passive-interface, amri ya kuinyamazisha ruta, upande wa wageni, tcpdump ikanyamaza, akasema imefungwa, akaacha ankara ya pili.

Haikufungwa. Kwenye EIGRP na OSPF, amri hiyo huzuia salamu, ruta mbili hazijuani, basi pamefungika kweli. Kwenye RIP ya Cisco huzuia kutuma peke yake. Kupokea kunaendelea kama kawaida. Ruta imezibwa mdomo, masikio yako wazi. Mkaguzi asiyejua tofauti hiyo hafai kushika ruta ya watu.

Kuthibitisha ni rahisi, kwa ruhusa ya mwenye mtandao na bila kugusa njia za kazi. Weka FRR, programu ya kuigeuza kompyuta kuwa ruta, kwenye laptop, washa ripd, sehemu yake ya RIP, halafu:

ip route 203.0.113.0/24 Null0
router rip
 version 1
 network eth0
 redistribute static

Anwani hiyo imetengwa kwa mifano, haimkatii mtu intaneti. Usijaribu na 0.0.0.0, njia ya kwenda intaneti yote, kwenye mtandao unaotumika: njia ya uongo inaweza kukaa sekunde 180 baada ya wewe kunyamaza ndipo ihesabiwe imekufa. Kwenye ruta andika show ip route rip. Yetu ilikuwa imeimeza 203.0.113.0 bila kuuliza.

Dawa yenyewe ni mistari michache. Ondoa mtandao wa wageni kwenye router rip kwa no network 192.168.40.0, weka redistribute connected ili ruta nyingine ziendelee kuujua, kisha zuia UDP 520 inayoingia kutoka upande huo kwa access-list, orodha ya kuruhusu na kuzuia. Hapa imewezekana kwa sababu ni 192.168, kila mtandao una mstari wake wa network; mngekuwa na anwani za 10 tupu, mstari mmoja wa network ungeziingiza intafesi zote za 10 kwa pamoja, na ingebaki access-list. Kati ya ruta na ruta, version 2 na ufunguo wa MD5, saini ya kuthibitisha anayetangaza. Usipoandika version, Cisco hutuma toleo la 1 na hupokea yote mawili.

Nilipomtumia fundi mkubwa picha ya skrini alijibu kwamba hiyo ni kazi mpya, ina bei yake. Basi zile nyota tatu nazirudisha, nabakisha moja ya yule kijana wa nyaya. Mwiteni kwa kebo. Ankara ya pili haijalipwa.